UKOO WA MZEE LUHENDE: Noah ya Igoma

IJUMAA

Kabula 06:12
Mwangaluka wote. Naomba kila mmoja asome mpaka mwisho asije akasema hakuambiwa. Nimepata Noah. Iko Igoma kwa mama Sadiki, ile iliyopaki chini ya mwembe. Kijana wake anataka milioni 2 na laki 8, maelewano yapo. Noah nzima siku hizi hata kwa milioni 8 hupati. Tuko watu 9 humu wenye kipato. Laki 3 na nusu kila mmoja, gari tunayo na chenji ya betri inabaki.

Kabula 06:13
📷 Picha 4

Kabula 06:13
Msiangalie vumbi. Angalieni gari.

Kabula 06:16
Bibi ana kliniki Bugando tarehe 14. Mara ya mwisho tumekodi gari kumtoa Sengerema na kumrudisha, laki na ishirini. Na dereva alinuna njia nzima. Pigeni hesabu ya mwaka wenyewe.

Kabula 09:40
Naona tiki za bluu. Hakuna mwenye mdomo?

Doto 09:52
Dada kwenye picha ya tatu hicho ni kuku?

Kabula 09:52
Ni kuku. Atatoka.

Kulwa 09:54
Kuku yumo kwenye bei au anauzwa peke yake 😂

Doto 09:55
Ametagia siti ya nyuma. Hiyo ni ful opsheni

Kabula 09:57
Nyie mlizaliwa siku moja mkagawana akili nusu nusu. Shija, fundi ni wewe. Sema.

Shangazi Minza 10:30
Wanangu poleni na kazi. Bibi usiku hakulala, goti limevimba tena. Dawa zimebaki za leo tu. Kuna mwenye chochote mpaka kesho?

Kulwa 10:31
Shangazi pole sana. Noah inakuja, Bibi atakaa siti ya mbele kama mheshimiwa mbunge

Doto 10:33
Na kuku wake mapajani 😂😂😂

Bahati 10:50
😂

Shija 13:20
Ndio natoka chini ya gari ya mtu. Dada, imelala muda gani?

Kabula 13:20
Tangu msiba wa baba Sadiki.

Nyanzala 13:24
Mwaka juzi huo, kabla ya vuli.

Shija 13:41
Sawa. Sikilizeni. Hiyo Noah ni modeli ya SR40, injini 3S, imekaa chini ya siti za mbele. Ni injini ngumu, haifi ovyo, spea zake zimejaa. Lakini gari iliyolala huiwekei betri ukapiga selfu. Ringi zikiwa zimeshika kwenye silinda umeua kitu kizima siku hiyohiyo. Kwanza natoa plagi zote 4, namwaga oili kidogo kila tundu, naiacha ilale. Kesho yake nazungusha puli ya krenki kwa spana, mkono tu. Ikizunguka laini tunaendelea. Ikigoma, mwachieni mama Sadiki banda la kuku.

Shija 13:44
Halafu vuta stiki ya oili. Ukikuta imekuwa chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, hedi hiyo, kile kifuniko cha juu cha injini. Petroli ya mwaka juzi haifai, tanki linashushwa linaoshwa, la sivyo uchafu wote unakwenda kwenye nozeli. Mafuta ya breki yanavuta unyevu, silinda za nyuma huwa zinashika kutu. Tairi msidanganyike na kashata, yale meno yake. Dada kapige picha ubavu wa tairi, zile namba 4 za mwisho. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka iliyotengenezwa.

Kabula 14:58
📷 Picha

Kabula 14:58
2215

Shija 15:02
Wiki ya 22, 2015. Hizo ni za kuchezea watoto.

Doto 15:03
Tairi iko darasa la tano hiyo, muulize tebo ya saba

Kabula 15:05
Tairi zinanunuliwa. Mnataka gari ya milioni 2 na laki 8 ije na tairi mpya na dereva?

Bahati 15:30
Samahani dada, nipo kazini nasoma kwa kuibia. Kadi ya gari ina jina la nani?

Kabula 15:31
Baba Sadiki.

Bahati 15:36
Marehemu hasaini mkataba. Lazima awepo msimamizi wa mirathi. Yaani ukoo wao ukae kikao, muhtasari uandikwe, upelekwe Mahakama ya Mwanzo, mahakama itangaze, ndiyo itoe hati ya usimamizi. Mwenye hiyo hati ndiye anauza, na umiliki unahama TRA kwa TIN yake na TIN ya mnunuzi. Yule kijana hana ruhusa ya kuuza hata kioo cha pembeni.

Kabula 15:38
Tutaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Watu wote wanafanya hivyo.

Bahati 15:40
Mwenyekiti anashuhudia, hahamishi umiliki. Gari inabaki ya marehemu na sisi tunaendesha mali ya mirathi. Siku ndugu zake wakigombana tunaitwa sisi.

Bahati 15:41
Nimeangalia namba yake kwenye mfumo wa trafiki, inadaiwa 60,000, makosa 2. Hiyo ndogo. Rodi laiseni isiwatishe, ilifutwa 2017, tunailipia kwenye mafuta. Bima ndogo ya gari binafsi haizidi uwezo wetu.

Kabula 15:42
Bahati kwako wewe kila kitu mahakama. Hata ndoa yako ulitaka tupeleke muhtasari.

Bahati 15:42
Na mpaka leo ipo

Doto 15:50
Mimi nina wazo. Siku ambazo Bibi hana kliniki ipige mchomoko Buhongwa–Usagara. Inajilipa yenyewe

Bahati 15:52
Gari binafsi, abiria wa kulipa, leseni ya LATRA huna. Ukipata ajali ile bima ndogo haikujui

Doto 15:53
Basi nimekaa

Nyanzala 16:20
Mimi naomba kuuliza. Ikitengemaa italala kwa nani?

Kabula 16:21
Kwangu. Nina geti.

Nyanzala 16:22
Na dagaa wako kutoka Mwaloni watakuwa wanapanda nini?

Kabula 16:22
Nyanzala.

Nyanzala 16:24
Nimeuliza tu. Hata ile injini ya Nansio tuliambiwa ni ya wote.

Kulwa 16:25
🚶🏾

Doto 16:25
🚶🏾🚶🏾

Kabula 16:31
Ile injini aulizwe aliyekaa nayo. Mimi nilitoa laki 6 na sijaona hata propela.

Nyanzala 16:33
Ujumbe huu ulifutwa

Kabula 16:34
Nimeusoma.

Kabula 19:15
Kesho Shija anaenda Igoma na spana zake. Nimeshaongea na kijana. Nani ametoa kitu? Naandika majina.

Kabula 19:16
1. Kabula 350,000 ✅
2.
3.

Kabula 21:50
Lala salama basi.

JUMAMOSI

Kabula 07:05
2.

Kulwa 08:30
Dada mimi laki 3 na nusu sina. Nina laki mwisho wa mwezi.

Kabula 08:31
Mwezi upi?

Shija 12:48
Nipo Igoma. Jana jioni nilishapita nikamwaga oili kwenye tundu, leo nimezungusha. Krenki inazunguka safi kabisa. Oili nyeusi lakini haina maji.

Kabula 12:48
Wabeja! Niliwaambia mimi!

Shija 12:55
Subiri dada. Rejeta imeoza chini, ukiibonyeza inamenyeka. Panya wamekula nyaya za upande wa taa. Sakafu ya abiria ina kutu, kidole kinaingia mpaka unaona majani. Breki ya nyuma kushoto imeng'ang'ania, gurudumu halizunguki. Taiming belti ina nyufa. Kwenye 3S ikikatika haipindi vali, inakuacha njiani tu.

Doto 12:57
Njiani pale katikati ya daraja la Kigongo. Kilomita 3 za kusukuma na Bibi yuko ndani anaimba pambio

Kulwa 12:58
Na upepo wa ziwa 😂😂 mimi nasukuma nikiwa upande wa Sengerema tu, ni mteremko

Doto 12:59
Daraja halina mteremko wewe

Kulwa 12:59
Ndiyo maana nimesema upande wa Sengerema

Shangazi Minza 13:02
Bibi anauliza kama mlisoma ya jana.

Doto 13:03
Tumesoma Shangazi, tunaifanyia kazi 🙏🏾

Shija 13:30
Hesabu yangu, bei za kuulizia madukani leo. Tairi 4 mpya 520, msiniambie mtumba. Betri 180. Rejeta 150. Breki zote 120. Belti na wota pampu 130, zinabadilishwa pamoja. Oili, filta, plagi 90. Kushusha tanki na kuliosha, na pampu ya mafuta 100. Fundi umeme 80. Kuchomelea sakafu 150. Inakuja milioni 1 na laki 5 na 20. Mkono wangu sijaweka.

Kabula 13:31
Mkono wako ni bure. Ni bibi yako.

Shija 13:33
Bibi ni wangu. Gereji siyo yangu.

Nyanzala 13:40
Milioni 4 na laki 3 na 20, bado bima, bado trafiki, bado mahakama ya Bahati. Dada ulisema chenji inabaki.

Kabula 13:46
Nyanzala hujatoa hata mia unanihesabia. Nimeshaongea na kijana, anaweza kushuka mpaka 2 na nusu tukimpa leo taslimu. Ana shida. Tukichelewa anauza vyuma chakavu kwa kilo. Nani yuko tayari LEO?

Kabula 15:10
Watu 14 kwenye kikundi.

Bahati 15:20
Mwenye shida ndiye anayeuza kisicho chake dada. Tupunguze kasi.

Kabula 15:21
Bibi naye apunguze kuumwa?

Kabula 15:24
Ba'mkubwa yumo humu, ameendesha Bedford la pamba la Nyanza miaka yote. Ba'mkubwa shikamoo. Tunaomba neno lako kuhusu injini.

Ba'mkubwa Mabula 18:37
Marahaba. Nimesoma yote tangu jana. Miwani niliisahau Sengerema kwa Minza, imeletwa leo, ndiyo sababu ya ukimya wangu.

Ba'mkubwa Mabula 18:52
Kuhusu injini, Shija amesema sawa. Kuhusu gari, ninalifahamu. Baba yenu alipofariki Bugando, mwenye gari la kukodi alitaja fedha ambayo hatukuwa nayo. Baba Sadiki alikuja usiku, akafungua siti za nyuma kwa mkono wake, akatubeba. Wakati huo daraja hakuna, tukalala Kigongo kungoja kivuko cha alfajiri, naye akalala nasi. Mafuta hakudai. Siti zile alizirudishia baada ya arobaini. Kabula ulikaa mbele, unakumbuka. Leo mnashangilia kwamba mtoto wake anashusha bei kwa sababu ana shida. Nauliza jambo moja tu. Mama Sadiki anajua?

Ba'mkubwa Mabula 18:53
Nangoja jibu la Kabula, si la mwingine.

Kabula 19:21
Ba'mkubwa, mama Sadiki yuko Magu kwa dada yake. Sijaongea naye. Nimeongea na kijana tu.

Ba'mkubwa Mabula 19:26
Basi hakuna gari hapo. Kuna kijana.

Ba'mkubwa Mabula 19:33
Jumatatu nitapanda basi niende Magu nikamsalimie mama yule. Akitaka kuuza ataniambia bei yake, na bei hiyo hatutaipunguza hata senti. Ya mahakama Bahati atamsaidia, bila kumtoza. Asipotaka kuuza, tutakunywa chai nitarudi. Gari lisiguswe na spana yoyote mpaka hapo.

Shija 19:35
Ba'mkubwa, plagi ninazo gereji. Nilizichukua kuzisafisha.

Ba'mkubwa Mabula 19:36
Zirudishe.

Shija 19:36
Sawa Ba'mkubwa. Asubuhi.

Bahati 19:40
Sawa baba 🙏🏾

Kulwa 19:41
🙏🏾

Doto 19:41
🙏🏾

JUMAPILI

Masanja (Nansio) 05:50
Mtandao ulikuwa haupo huku kisiwani. Nimesoma. Sijatajwa jina lakini natajwa. Ile injini iliuzwa, na kila mtu humu anajua ilimlipia nani kitanda wodini. Nyanzala, au niseme?

Nyanzala 06:30
Sema na risiti.

Masanja (Nansio) 06:31
Risiti ya mgonjwa anayo mgonjwa.

Ba'mkubwa Mabula 06:44
Masanja ni mwanangu, la injini mniachie. Nitalijibu mimi tukikaa Sengerema, si humu.

Shija 09:15
Plagi nimezirudisha. Kuku amehamia siti ya dereva.

Kabula 10:02
Haya. Ba'mkubwa anaenda Magu kesho, hilo tumelipokea. Lakini michango inaendelea, maana mama akitaja milioni 3 na nusu hatutaanza kutafutana. Laki 5 kila mmoja sasa. Jina langu lipo. Namba 2 bado.

Nyanzala 10:10
Mimi nitachangia ikishajulikana italala kwa nani.

Kabula 10:11
Ilale kwa Bahati basi, amejaa sheria.

Bahati 10:30
Nyumba yangu ya kupanga dada, mwenye nyumba hataki hata baiskeli.

Shangazi Minza 11:05
Tarehe 14 ni Alhamisi hii. Kwa gari au bila gari, Bibi anakuja na nini? Na dawa nimekopa duka la hapa jirani, mwenye duka kanipa mpaka jioni.

Kulwa 11:48
Shangazi nimekutumia 50, angalia simu. Ya dawa hiyo, ya gari sijaanza.

Shangazi Minza 11:50
Imefika baba. Ubarikiwe. Bado 30.

Kabula 11:52
Kulwa hiyo 50 tunaihesabu kwenye laki 5 au?

Kabula 12:40
Kulwa?

Doto 13:15
Jamani ndio naamka. Kwa hiyo tunanunua au hatununui?