Naomba ushauri: kubana matumizi ya kuoka keki nyumbani msimu huu wa sikukuu

Mama Wawili
Habari za muda huu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Sikukuu zinabisha hodi na mimi huwa naoka nyumbani, nina oveni ndogo inayobeba tini mbili kwa mkupuo. Mwaka huu siagi imepanda, mayai yamepanda, vanila ndiyo hata sithubutu kuiulizia. Naomba mbinu za kupunguza gharama bila keki kuharibika. Hasa hasa: nikiweka majarini badala ya siagi, kuna mtu atajua? Naomba majibu ya staha, presha yangu iko juu.

Kijiko Kimoja
Nimewahi siti ya mbele. Sahani ninayo.

Fundi Unga
Kabla hujagusa siagi, anza na vinavyopotea bure. Pima kwa mzani, achana na kikombe. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na cha unga uliomiminwa taratibu vinaweza kupishana gramu 30. Halafu tafuta mwiko wa mpira ukombe bakuli mpaka ling'ae. Jaza oveni kila unapoiwasha, na usifungue mlango kila dakika kuchungulia, joto linatoka na unalipia upya. Sukari ya aisingi saga mwenyewe kwenye blenda, sukari ya kawaida na kijiko kidogo cha wanga wa mahindi.
Unaoka keki ngapi?

Bibi Kikapu
Mwanangu, kwani lazima keki? Sisi zamani sikukuu ilikuwa watu. Siku hizi ni picha.
Ila nikwambie kitu. Mwaka mmoja niliokea wageni kwa beking pauda iliyokaa karibu na jiko sijui tangu lini. Keki ikatoka bapa kama kitabu. Nikaikata vipande vidogo, nikavirudisha motoni vikauke, nikawaambia ni biskuti. Shemeji mpaka leo ananidai mapishi yake. Toka siku hiyo natia kijiko kimoja kwenye maji ya moto kwanza. Ikichemka povu, nzima. Ikinyamaza, naitupa.

Mama Wawili
Shikamoo Bibi. Asante, hiyo ya maji ya moto sikuijua.
@Fundi Unga keki kadhaa tu. Vipi kuhusu vanila ya kutengenezwa?

Mzee wa Kivulini
Vanila ni ua la aina ya okidi, na ua lenyewe linafunguka siku moja tu. Usipolichavusha siku hiyo, hupati kitu. Kwao Meksiko wadudu walisaidia, ila mmea ulipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ulikaa miaka bila kuzaa. Mwaka 1841, kisiwani Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius akaonyesha namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Mpaka leo wanafanya kwa mkono, ua kwa ua. Ndiyo maana bei iko hivyo, mjukuu wangu. Mimi mwenyewe nililima zao jingine kabisa na likanitia hasara, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kijiko Kimoja
Mzee tusimulie ya hasara bwana.

Fundi Unga
Vanila ya kutengenezwa kwenye keki inayokaa motoni saa nzima haina shida, harufu nyingi nyororo za ile halisi zinaruka na joto. Ile halisi iweke kwenye krimu, isipikwe.
Sasa hiyo "kadhaa" ni ngapi? Ushauri wa keki tatu siyo wa keki kumi.

Mama Wawili
36.

Mpita Njia
36??? Dada unaolewa au unafungua kiwanda?

Fundi Unga
Za nani?

Mama Wawili
Za watu tu. Majirani, watu wa kazini kwa mume wangu, akina mama wa kikundi. Wengine wamechangia kidogo.

Bibi Kikapu
Wamechangia au wamenunua?

Mama Wawili
Wamenunua 🙈

Sawa naeleza, lakini msinirukie. Miezi miwili nyuma nilitangaza nachukua oda za sikukuu. Nikapiga bei kwa gharama za wakati ule na kila mtu akalipa yote, siyo kianzio. Nusu ya hela nikanunua mashine ya kuchanganyia, maana mkono wangu mmoja una shida. Sehemu nyingine nyumbani tulipata dharura, sitaki kuielezea. Iliyobaki haifiki hata nusu ya siagi ninayohitaji. Mapishi yangu ni yale ya sawasawa: kila keki siagi robo kilo, sukari robo, unga robo, mayai matano.
Mashine siwezi kuirudisha, na bila mashine nisingeweza kupiga hizo keki kabisa. Kwa hiyo mtu asinitajie mashine.

Fundi Unga
Na kwenye tangazo ulisema keki ya nini?

Mama Wawili
Keki.

Fundi Unga
Ya?

Mama Wawili
Niliandika "keki ya siagi tupu". Lakini ni maneno ya tangazo, kila mtu anaandika hivyo. Na majarini nimeshanunua, ndoo ya kilo 10, na nimeshaifungua. Kwa hiyo swali siyo ninunue au nisinunue. Swali ni naitumiaje isijulikane. Hata mezani watu wanapaka majarini wanaiita siagi, nani analalamika?

Bibi Kikapu
Wanalalamika wakikosa. Lakini mtu aliyelipia siagi ukampa majarini umemwibia, hata akicheka wakati anakula.

Mpita Njia
Mimi nililipia suti ya sufu nikapewa ya nailoni. Nikaenda nayo harusini, nikasimama karibu na jiko. Naishia hapo.

Hesabu Kali
Nimesoma kimyakimya, sasa naongea. Keki 36 mara robo kilo ni siagi kilo 9, sawa, ndoo ya kilo 10 inaingia. Oveni inabeba mbili, kwa hiyo mizunguko 18. Kila mzunguko weka saa moja na dakika kumi, hiyo ni saa 21 za moto mtupu. Unaanza lini?

Mama Wawili
Siku mbili kabla. Nimejipanga, kila kitu kiko ndani. Unga upo, sukari ipo, mayai trei nne.

Hesabu Kali
Hapo ndipo ninapokukamatia. Keki 36 mara mayai matano ni 180, yaani trei sita. Wewe unasema kila kitu kiko ndani na una trei nne, mayai 120. Mayai 60 yako wapi? Wakuu, hii ni chai. Mtu anayeoka kweli hakosei mayai kwa trei mbili.

Kijiko Kimoja
Chai na keki, mbona vinaendana 😂

Mpita Njia
Mimi nilishamshtukia. Bandiko la kwanza "kuna mtu atajua?", linalofuata "nani analalamika?", bado kidogo tu atutajie jina la kampuni na punguzo la sikukuu. Huyu katumwa kuuza majarini.

Mzee wa Kivulini
Hata ile hasara yangu ilianza na mtu aliyekuja na hadithi nzuri kama hii.

Bibi Kikapu
Muacheni ajibu.

*(Kimya cha saa tatu. Katikati hapo watu wawili wamebishana kama keki inaweza kuokwa bila mayai kabisa. Inaweza, ya kokoa, kwa magadi soda na siki. Mmoja hajakubali.)*

Mama Wawili
Nimerudi. Nilikuwa nimekasirika nikazima simu.
Hesabu Kali, hesabu yako iko sawa. Nilipanga kuweka mayai matatu badala ya matano na kujazia maziwa. Matatu mara 36 ni 108, yanabaki 12 ya dharura. Sikutaka kusema kwa sababu nilijua mtaanza. Haya, anzeni.

Hesabu Kali
Basi nafuta neno chai. Lakini sasa ni kubaya zaidi ya chai.

Fundi Unga
Siagi umetoa, mayai umepunguza kwa mawili. Kilichobaki kwenye lile tangazo ni neno "keki".
Hebu soma lebo ya ndoo. Tafuta asilimia ya mafuta.

Mama Wawili
Lebo imelowa, nimekwangua na kucha. Inasoma "mafuta 60%". Kuna maana?

Fundi Unga
Maana yote iko hapo. Siagi ya kawaida ina mafuta asilimia 80 hivi. Hiyo yako ni ya kupaka, sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Umenunua ndoo ya kilo 10, ndani yake mafuta ni kilo 6. Ukiipiga na sukari haitashika hewa kama siagi, na unga utakunywa maji ya ziada. Majarini ya kuokea ipo, ina asilimia 80, ila siyo hiyo. Na mayai ndiyo yanayosimamisha keki ya sawasawa. Unamtoa nguzo na mlinzi siku moja.
Usiniamini. Oka moja leo.

Mama Wawili
Sawa.

Mpita Njia
Tunasubiri picha. Bila picha narudi kwenye nadharia yangu ya kampuni.

Mama Wawili
Nimeoka. Dakika ya 40 ilikuwa juu kabisa, nikafurahi. Nilipoitoa ikaanza kushuka katikati huku naiangalia, polepole, kama mtu anayekaa kwenye godoro bovu. Karatasi ya chini imelowa mafuta mpaka naona vidole vyangu upande wa pili. Ukibonyeza, shimo linabaki. Mtoto wangu mdogo kala kipande akauliza kama ni mkate.
Picha sitaweka. Mniamini mkitaka.

Hesabu Kali
Naamini. Hakuna mtu wa kampuni angeandika hiyo ya mkate.

Bibi Kikapu
Pole mwanangu. Sasa waambie watu wako.

Mama Wawili
Bibi, nikiwaambia watataka hela zao na hela sina. Hamnielewi. Siwezi.

Fundi Unga
Sikiliza hesabu kabla ya kulia. Tini yako ni sentimita ngapi?

Mama Wawili
20. Na ninazo za 18 mbili, za zamani.

Fundi Unga
Sentimita 18 kwa 20, eneo linapungua kama asilimia 19. Kwa hiyo badala ya robo robo, weka gramu 200 kila kitu na mayai manne. Kimo kinabaki kilekile, keki ni ya siagi tupu kama ulivyoandika. Siagi inashuka toka kilo 9 mpaka kilo 7.2. Mayai ni 144, una 120, unapungukiwa 24, hiyo siyo hata trei moja. Wanaokubali keki ndogo wapate ya siagi. Anayetaka ya 20, umwambie wazi utachanganya: gramu 125 za siagi na gramu 100 za mafuta ya kupikia, maana mafuta ni mafuta matupu, hayana maji. Itakuwa laini, harufu ya siagi itabaki kiasi. Ila ajue.
Na lile bakuli. Ukiacha gramu 30 tu za donge kwenye kuta kila keki, kwa keki 36 ni zaidi ya kilo moja. Keki nzima unaiosha na sabuni.

Hesabu Kali
Na usioke zote siku mbili za mwisho. Keki ya siagi bila aisingi, ikipoa kabisa na kufungwa vizuri, inakaa kwenye friza wiki kadhaa bila shida. Anza leo, mizunguko mitatu kwa siku, siku sita umemaliza. Siagi nayo unanunua kidogokidogo.

Mama Wawili
Friza ni ya jirani, naye ana oda yake kwangu 🤦🏾‍♀️

Kijiko Kimoja
Basi huyo ndiye wa kwanza kumwambia.

Mama Wawili
Nimeandika ujumbe mara nne nafuta. Huu ndiyo niliotuma: "Ndugu mteja, siagi imepanda na hela yako haitoshi keki ya awali. Chagua: ya siagi tupu tini ya 18, au ya 20 ya siagi na mafuta. Usipotaka zote, nitakurudishia hela kidogokidogo hadi mwezi wa pili. Samahani."

Bibi Kikapu
"Hela yako haitoshi" ungeiandika vingine. Yeye alilipa ulichomtajia.

Mama Wawili
Imeshaenda Bibi.

*(Siku iliyofuata)*

Mama Wawili
Mrejesho. Wamejibu 22. 15 wanataka ndogo ya siagi, watano wamesema mchanganyiko, mmoja anataka hela yake na kanitolea maneno. Jirani kasema friza niitumie ila yake iwe ya 20 na iwe ya siagi tupu. Nimekubali, sikuwa na namna. 14 bado kimya. Leo usiku nawasha oveni.
Swali la mwisho: ndoo imebaki na kilo 9 na ushee. Nifanye nayo nini?

Fundi Unga
Ya kupaka, pakeni mkate.

Mpita Njia
Kilo tisa? Mkate mpaka mwaka gani?