Kina dada wa ofisi za ushauri na odit (ukaguzi wa hesabu) Mombasa: nani alikutaja jina ukiwa hupo? Tupeane uzoefu

Bi Makadara:
Mashoga na makaka, salaam. Mie ni mshauri kwenye kampuni moja hapa mjini, mwaka wa 11 huu, na juzi nimepewa usinia meneja. Mahamri yameliwa, pongezi nimepata, lakini usiku nkalala nawaza, tuliingia wanawake 6 na leo nimebaki peke yangu. Hakuna aliyefukuzwa, walipungua mmoja mmoja kama maji ya mtungi uliotoboka, husikii kitu mpaka uinamishe.

Semina nimekaa mpaka basi, jiamini, sema kwa sauti, sijui vaa nini. Kilichonipandisha mie ni mzee mmoja partna, yaani mmoja wa wenye kampuni, aliyekuwa akiingia kwenye kile kikao cha kupandisha watu vyeo anasema "huyu naijua kazi yake, nipeni mimi". Na mwenyewe sipo! Jarida la Harvard Business Review liliyaandika haya tangu 2010, kwamba wanawake watu wa kuwapa mawaidha wanao tele, wa kuwasemea ndo hawana. Haya leteni visa vyenu, mahubiri bakini nayo.

Wa Ng'ambo Likoni:
Yangu ni ya mtoto. Nlirudi kazini mtoto ana miezi 3 na siku 4, maana sheria ya ajira ya 2007 yakupa miezi 3 na mshahara kamili. Ikaja kazi ya Lamu, wiki 3, mteja nliyemhangaikia mimi mwenyewe kabla sijajifungua. Bosi wangu, na wallahi si mtu wa roho mbaya, akampa kijana mwengine. Kisa? "Nimekuonea huruma, una kichanga." Hakuniuliza, na mamangu alikuwa ashafunga mkoba kuja nami Lamu kumshika mtoto, leso zote ashatia. Mwisho wa mwaka kwenye fomu ya tathmini kaandika nini? "Hana uzoefu wa kutosha wa fildi."

Hiyo huruma ndo ilonikata miguu. Nkaingia ofisini kwake na ile fomu, nkaiweka mezani, nkamwambia bosi niulize kwanza, nikishindwa ntasema mwenyewe. Akanyamaza muda hivi. Kazi ilofuata akaniuliza na nkasema la, mtoto alikuwa na homa 😂 lakini si aliuliza! Ya tatu nkaenda.

Kaka Tudor:
Ntapigwa mawe ila wacha niseme. Mimi ni meneja, upande wa odit. Kwetu kazi zilikuwa zagawiwa barazani, na nasema barazani kweli, baada ya magharibi, kahawa chungu na kashata, partna anauliza "ile kazi ya makontena nani atashika?" tunatajana sisi tuliokaa pale. Jumatatu ukifika ofisini yashaandikwa. Sasa dada gani atakuja kukaa pale saa hiyo?

Sikuliona hilo mpaka dadangu wa tumbo moja, yuko kampuni nyengine, aliponililia yake. Nkatoa orodha ya miezi 18, nani kawekwa kazi gani. Wasichana: kuandika yaliyosemwa mkutanoni, kupanga miadi, kunyoosha slaidi. Wavulana: kukaa na mteja. Siku hizi twagawa Jumatatu saa 3 asubuhi, karatasi ubaoni kila mtu aona. Wazee wawili walinuna na mmoja bado anuna. Kahawa tunakunywa vilevile.

Bi Makadara:
Kaka hupigwi mawe, lakini yaani mpaka dadako alie ndo uone??

Kaka Tudor:
Ndio. Sina la kujitetea.

Mama Pacha:
Mimi ni ya Nairobi. Nlipanda treni pale Miritini kwenda kikao cha makao makuu, slaidi 40, nimezifanya mimi usiku na mchana, na meneja wangu ndo wa kuzisoma. Nimekaa nyuma kabisa karibu na chupa ya chai, watu wawili washaniuliza sukari iko wapi. Katikati mama mmoja partna akasema, hii ya 14 kaifanya nani? Meneja akakohoa. "Basi aje aieleze mwenyewe." Miguu ilitetemeka lakini hesabu nlikuwa nazijua kama jina langu, na wiki ilofuata mteja akapiga simu kunitaka mimi.

Mchana ule ule wa kikao yule mama partna akanikuta chooni nakamua maziwa, nimesimama, chupa nimeiegesha juu ya boksi la tishu. Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea na sisi hatuna. Hakunipa pole wala nini, alitoka akaenda moja kwa moja kwa watu wa utawala. Stoo ya mafaili ikafunguliwa, kiti, friji ndogo, na komeo la ndani (hilo komeo msilidharau).

Nimejitoa:
Mie sikungoja kutajwa, nliondoka nkafungua yangu, chumba kimoja Bondeni. Nkachukua cheti cha AGPO, ule mpango wa asilimia 30 ya tenda za serikali kwa wanawake, vijana na walemavu, na kazi nkapata. Pesa je? Ofisi moja sitaitaja imenikalia na invoisi miezi 14, nkauza dhahabu ya harusi kulipa wasichana wangu wawili. Kwa hiyo msiniambie kujiajiri ndo dawa. Ingawa kurudi pia sirudi.

Mdogo Wenu Kisauni:
Dada zangu shikamooni. Nimesoma kuwa EY, ile kampuni ya odit na ushauri, ilipata bosi mkuu wa dunia mwanamke, Janet Truncale, 2024, na ndo wa kwanza katika zile kampuni 4 kubwa za odit duniani. 2024! Mie mwaka wangu wa 2 tu na kesho nna kikao cha tathmini, niende na nini?

Bi Makadara:
Marahaba mdogo wangu. Nenda na karatasi. Kazi 3, mteja nani, ulichofanya wewe, kilichobadilika. Halafu muulize bosi, kwenye kikao cha vyeo nani atanisemea? Akisema "sisi sote" muulize tena.

Mdogo Wenu Kisauni:
Nimetoka sasa hivi. Kasema "sisi sote". Nkauliza tena. Kakuna kichwa, kasema basi ni mimi, kumbe hata hajui ripoti ya maji ya Kilifi nliandika mie yote. Nimemwachia karatasi.