Kukaa na fomu ukitazama watoto hakujawa uchunguzi wa kisayansi

Wakuu, nina hasira na nitaandika nikiwa nayo hivyo hivyo.

Nilichukuliwa kama mtafiti msaidizi kwenye mradi wa saikolojia kuhusu ugomvi wa watoto wakicheza. Tulikuwa wawili, kila sekunde 15 unaweka alama, ugomvi upo au haupo. Siku ya kwanza tu kiongozi wa mradi akatutajia kundi lipi la watoto linatarajiwa kuwa korofi! Sasa mtoto akimsukuma mwenzake huku wote wanacheka, jicho langu litakwenda wapi kama si kule lilikoelekezwa? Watafiti wa saikolojia Rosenthal na Fode walilionyesha hili mwaka 1963: wanafunzi waligawiwa panya wasio na tofauti yoyote, baadhi wakaambiwa wao wamepata uzao wenye akili, na kweli panya hao wakarekodiwa wakifanya vizuri zaidi. Nilipoomba tufafanuliwe ugomvi ni nini hasa, nikajibiwa, "Utaujua ukiuona."

Kilichonichoma zaidi ni kujigamba kwamba tuliafikiana kwa 90%. Jamani, ugomvi ulikuwa nadra! Chukua vipindi 100 vya hizo sekunde 15. Vipindi 90 wote wawili tumeandika "haupo". Vitano nimeuona mimi peke yangu, vitano vingine ameuona mwenzangu peke yake. Hiyo ni 90% safi kabisa, na hakuna hata ugomvi mmoja tuliouona pamoja. Mwanasaikolojia Cohen alitoa kipimo cha kappa mwaka 1960 kwa sababu hiyo, kuondoa maafikiano yanayotokea kwa bahati tu. Kwa mfano huu kappa inashuka chini ya sifuri, yaani tumeafikiana kidogo kuliko hata bahati tupu. Nikalisema kikaoni, nikaambiwa nisiwachanganye watu na hesabu. Kisha tukaketishwa meza moja "kurekebisha" palipotofautiana, na fomu zilizorekebishwa ndizo zikaripotiwa kana kwamba kila mmoja alijaza kivyake. Huo ni udanganyifu, sina neno laini zaidi.

Inaniuma kwa sababu naipenda mbinu hii. Mtoto ambaye hajaanza kusema huwezi kumpa hojaji. Kumtazama kwa makini ndiyo njia ya kumsikiliza. Ukimtazama hovyo, unamsingizia, naye hana mdomo wa kukanusha.

Nimeandika barua nikiomba jina langu litolewe kwenye ripoti na fomu za awali zisitupwe. Hii ni wiki ya tatu, kimya.