Pikipiki haishiki sailensa

Wakuu, pikipiki ya cc 125 haishiki sailensa, yaani injini haiungurumi yenyewe bila kuvuta mafuta. Nikiachia mafuta inazima, nikivuta choki inatulia. Niko Kizota, Dodoma.

Jibu: Choki hupunguza hewa, kwa hiyo ikiisaidia, ujue petroli ni kidogo, hewa nyingi. Toa jeti ndogo ya kabureta, kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli. Tundu lake ni jembamba kama unywele, vumbi laini huliziba. Puliza kwa upepo wa kompresa. Tafadhali usichokonoe kwa waya, utalipanua, ianze kunywa mafuta.

Jibu: Kabla hujafungua, rashia maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na injini. Mlio ukibadilika, gasketi inavuta hewa.

Jibu: Ukisharudisha, pasha injini dakika 5. Skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa funga taratibu hadi mwisho, fungua mzunguko 1 na nusu, ndipo uweke sailensa, mizunguko 1,400 hivi kwa dakika.