Fleki ya Virginia inazimika kila mara, ulimi unawaka, utamu unapotea katikati. Nakosea wapi?

mrijamrefu
Habari wakuu. Naomba msaada kwenye tumbaku ya kiko ya kushindiliwa, ile inayokuja imekatwa vipande bapa kama tambi pana (humu naona wengi mnaiita fleki).

Niliyonayo ni Virginia tupu (jani la aina hiyo bila mchanganyiko), kopo la gramu 50, limefunguliwa siku 4. Kila kipande kina urefu wa kama sentimita 10, upana sentimita 2.5, unene milimita 1.5 hivi, uzito karibu gramu 3. Rangi ni kahawia iliyoiva, na kopo linanuka nyasi kavu, zabibu kavu na uchachu kidogo kama siki. Kiko ni cha mti wa briar, tundu la bakuli lina kipenyo cha milimita 20 na kina cha milimita 38.

Ninachofanya: nakunja kipande kizima, nakisokomeza, nawasha. Matokeo: kinazimika mara 8 au 9, ncha ya ulimi inawaka, theluthi ya kwanza ina utamu mzuri, halafu inabaki ladha ya maji ya moto na uchungu. Mwishoni kiko kinakoroma na chini linabaki tope jeusi.

Maswali: nikaushe kwa muda gani? Nikunje au nifikiche? Na je, hiyo siki ni dalili kwamba imeharibika?

Kishindilio
Mkuu, siki si tatizo. Virginia iliyoshindiliwa na kufungiwa koponi huwa na uchachu huo, na ukiiacha wazi kwa dakika 20 sehemu kubwa inaondoka. Iliyoharibika inanuka ukungu, kama nguo iliyokunjwa mbichi. Hiyo ndiyo ya kutupa.

Tatizo lako ni maji. Fleki nyingi hutoka kiwandani zikiwa na unyevu wa karibu asilimia 18 hadi 20, nyingine zaidi, kwa sababu jani kavu halikatiki vizuri, linavunjika kwenye kisu. Kwa kuvuta unataka asilimia 12 hadi 14. Maji yaliyozidi yanakuletea mambo yote manne uliyoyataja. Moto unatumia nguvu kuchemsha maji kwanza, kwa hiyo unazimika. Wewe unavuta kwa nguvu ili usizimike, joto linapanda, mvuke unaingia mdomoni na kuunguza ulimi. Mvuke huohuo ukipoa kwenye shina unakuwa maji yanayokoroma. Na harufu nyepesi zenye utamu zinaungua zote mapema, ndiyo maana huoni kitu baada ya theluthi ya kwanza.

Muda wa kukausha siwezi kukupa kwa saa, unategemea hewa ya chumba chako. Kipande kizima kinaweza kukaa usiku mzima kisikauke katikati, lakini kikifikichwa kinakuwa tayari ndani ya dakika 30 hadi 60. Pima kwa vidole: bana kifungu cha tumbaku iliyofikichwa, kisha achia. Ikibaki imeshikana kama unga wa chapati, bado. Ikifunguka polepole na vidole visiwe na unyevunyevu, washa. Ikitoa mlio wa kuvunjika na kuacha vumbi, umepitiliza.

mtaratibu
Naongezea hapo kwa wenye mizani ndogo, ile ya kupimia dhahabu. Vidole vinadanganya wasio wazoefu, namba hazidanganyi.

Chukulia fleki ina maji asilimia 20. Gramu 10 zina jani kavu gramu 8. Ukitaka unyevu ushuke hadi asilimia 13, gawanya 8 kwa 0.87, unapata gramu 9.2. Maana yake ukisambaza gramu 10 kwenye sahani na zikashuka hadi 9.2, umefika. Kwa kipande chako cha gramu 3, simama kwenye 2.76 hivi. Tofauti ni robo gramu tu, lakini hiyo robo gramu ndiyo inayokuunguza ulimi.

Usiweke juani wala kwenye maikrowevu. Joto la ghafla linafukuza harufu pamoja na maji, na kingo zinakauka huku katikati kukiwa bado kubichi. Karatasi nyeupe au sahani, kivulini, geuza mara moja.

JaniJekundu
Kwenye kukunja na kufikicha watu hubishana bila sababu. Njia zote ni halali, ila kila moja ina kasi yake ya kuungua, na kwa mtu ambaye moto bado unamsumbua, kukunja kipande kizima ndiyo njia ngumu kuliko zote. Umeanzia mwisho.

Anza na kufikicha kabisa. Weka kipande katikati ya viganja, sugua kwa mzunguko hadi nyuzi ziachane. Jaza kwa awamu tatu: ya kwanza iangukie tu kwa uzito wake, ya pili bonyeza kidogo, ya tatu kidogo zaidi, na uache milimita 4 hadi 5 kutoka ukingoni. Kisha fyonza bila kuwasha. Upinzani uwe mdogo, kama kunywa maji kwa mrija. Ukihisi kama unavuta uji mzito, mwaga uanze upya, usijidanganye kwamba moto utafungua njia. Fleki haifungui njia, inavimba: nyuzi zilizokandamizwa kiwandani hutanuka zikipata joto. Ndiyo maana mtu anajaza vizuri, dakika 5 baadaye kiko kinaziba.

Kingine ni vipande vidogo vya mraba. Kata fleki kwa mkasi, kwanza kwa urefu iwe mikanda ya milimita 3, halafu kwa upana upate vijiwe vya milimita 3 kwa 3. Mimina bakulini, gonga ubavu wa kiko kwa kidole, basi. Usibonyeze. Juu weka mfuniko mwembamba wa tumbaku iliyofikichwa ili ishike moto. Inaungua taratibu sana na moshi wake ni wa baridi, kwangu hii ndiyo inayotoa utamu wa Virginia kuliko zote.

Kukunja ukija kukurudia: kausha kwanza mpaka kipande kipinde bila kukatika. Kunja katikati, viringisha kidogo kati ya vidole ili tabaka zilegee, ingiza nyuzi zikiwa zimesimama wima. Na kwa bakuli lako la milimita 20 usiingize gramu 3 zote. Ondoa robo ya kipande, kifikiche, kiwe cha juu cha kuwashia.

Kishindilio
Naunga mkono, isipokuwa kwenye vijiwe: vikiwa vibichi havisameheki. Nyuzi zilizofikichwa zinaweza kukauka zikiwa ndani ya kiko, kijiwe hakikauki kamwe. Kwa hiyo kausha kipande kizima kwanza, ndipo ukate.

mrijamrefu
Asanteni sana wakuu. Nimepima: vipande viwili vilivyofikichwa, gramu 6.0, vimeshuka hadi 5.5. Kuzimika kumepungua hadi mara 4 na kukoroma kumekwisha. Ulimi bado unawaka kidogo. Na bado sielewi ladha ninayopaswa kuitafuta. Nikisoma watu wanataja mkate, maganda ya machungwa, asali, mimi napata utamu tu halafu moshi.

mtaratibu
Mara 4 ni kawaida kabisa kwa fleki, usihesabu tena. Ila kabla ya kuwasha upya, puliza taratibu kupitia mrija ili moshi uliolala utoke, kisha mwaga jivu la juu lililolegea. Ukiwasha juu ya jivu, unaonja jivu.

Ulimi sasa ni suala la kasi. Virginia hukaushwa kwa joto la mabomba ndani ya mabanda yaliyofungwa, na njia hiyo inahifadhi sukari nyingi ndani ya jani. Sukari ikiungua kwa moto mkali haiwi tamu, inakera. Fyonzo fupi kila baada ya sekunde 20 hadi 30 inatosha, moshi uwe mwembamba kama mvuke wa chai. Ukitaka kipimo, shika bakuli kwa kiganja. Ukishindwa kulishika kwa sekunde 5, liweke chini lipoe.

Kuwasha nako: mwasho wa kwanza ni wa kuchoma uso wa juu tu. Tumbaku itainuka. Ishindilie kwa uzito wa kishindilio chenyewe (kile kifaa cha kubonyezea tumbaku) bila nguvu ya mkono, ndipo uwashe mara ya pili. Kiberiti cha mti kiache kiungue sekunde 2 kwanza, ile dawa ya kichwani iishe. Kiberiti cha petroli huacha ladha yake kwenye Virginia, tumia cha gesi.

Kiko kikianza kukoroma, pitisha waya wa kusafishia kupitia mrija mpaka bakulini, usichomoe mrija wakati kiko ni cha moto. Kiungo kimetanuka, ukikilazimisha shina linapasuka.

Bibi_Udongo
Ladha naijibu mimi, wadogo zangu, maana hapa ndipo raha ya fleki ilipo na mmeipita.

Kushindilia si kwa ajili ya umbo tu. Majani yaliyotolewa mshipa wa kati hupangwa tabaka kwa tabaka, hubanwa, mara nyingi kwa mvuke au joto, kisha hukaa chini ya uzito. Keki inayotoka ndiyo inayokatwa vipande. Kwenye mbano huo mafuta na sukari za majani tofauti huingiliana, ukali wa nyasi mbichi unapungua na rangi inakolea. Ndiyo maana jani lilelile likikatwa nyuzi bila kushindiliwa lina makali, na likishindiliwa lina uduara.

Soma rangi kabla ya kuwasha. Ya njano na ya dhahabu: nyasi kavu, maganda ya limau au chungwa, utamu mwepesi, na ndiyo inayouma ulimi kuliko zote. Nyekundu na kahawia: mkate uliookwa, matunda makavu, uchachu wa mbali. Nyeusi iliyopikwa kwa joto baada ya kukaushwa: sukari guru, plamu kavu, na makali kidogo tu. Ya kwako kwa maelezo yako iko kwenye kahawia, kwa hiyo machungwa usiyatafute sana, tafuta ganda la mkate na zabibu.

Namna ya kuyaona: moshi mdogo ukiwa mdomoni, funga mdomo, kisha uuachie polepole kupitia puani bila kuushusha kifuani. Kiasi kidogo sana, kama cha kupimia harufu ya chakula. Ulimi unatambua ladha za msingi tu kama utamu, uchachu, uchungu na chumvi, mkate na zabibu zinatambuliwa na pua. Kati ya fyonzo na fyonzo kunywa maji au chai isiyo na sukari. Kahawa kali inazima Virginia.

Na kiko chenyewe kichunguze. Kama kiliwahi kuvutiwa tumbaku yenye Latakia (jani lililofukizwa moshi) au yenye manukato, kinakaa na harufu hiyo, Virginia haina nguvu ya kuishinda. Kiko cha udongo hakina ladha yake, kinapata moto haraka ila kinakuonyesha tumbaku jinsi ilivyo. Mimi hukitumia kwa kila kopo jipya.

JaniJekundu
Shikamoo Bibi. Na akishaizoea Virginia tupu, hatua ya pili iwe ipi? Mimi ningesema yenye Perique.

Bibi_Udongo
Marahaba. Ndiyo, Perique. Ni jani la St. James Parish kule Louisiana, Marekani, linalobanwa ndani ya mapipa na kuchachuka kwenye maji yake lenyewe kwa takriban mwaka mmoja. Linaleta tini, plamu na pilipili manga. Kiasi kidogo ni kiungo, kikizidi pilipili inapanda puani. Escudo ni mfano mzuri wa Virginia na Perique, nayo imekatwa miduara kama sarafu kwa sababu majani huviringishwa kabla ya kukatwa. Kuna pia zenye Burley, aina nyingine ya jani, sukari kidogo, ladha ya karanga na kakao, hizo haziumi ulimi vile lakini nikotini yake unaihisi haraka.

Tahadhari na zile za mtindo wa Kendal, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Si zote, Full Virginia Flake ya kampuni ya Samuel Gawith haina manukato ila huja mbichi mno. Lakini zipo zinazotiwa harufu ya maua, na hizo zinaganda kwenye kiko miezi. Zitengee kiko chake.

mrijamrefu
Shikamoo Bibi, na asante. La mwisho: nilisikia kichwa chepesi na kichefuchefu jana nikivuta tumbo tupu. Na hizi gramu 30 zilizobaki nizitunzeje? Juu ya kipande kimoja nimeona vidoa vyeupe.

Kishindilio
Hiyo ni nikotini. Acha kiko, kaa, kunywa kitu chenye sukari. Kula kabla ya fleki, na usijaze bakuli zima mpaka mwili uzoee. Kutoshusha moshi kifuani hakuondoi madhara yote, saratani ya mdomo na koo ipo kwa wavuta kiko pia, basi usiigeuze kuwa kazi ya kutwa.

Vidoa: chukua kipande ulete kwenye taa kali, ukigeuze. Vikimetameta kama chembe za chumvi na havina manyoya, ni fuwele, vuta. Vikiwa na manyoya kama pamba, vikasambaa kingoni, na harufu ni ya chumba kisichofunguliwa, ni kuvu. Hapo tupa kopo zima, kukwangua hakusaidii.

Zilizobaki ziweke kwenye chupa ya glasi yenye mfuniko wa mpira wa kubana, ijae karibu na juu, kabatini gizani. Usitie ganda la chungwa wala kipande cha kiazi kuirudishia unyevu, kuvu huanzia humo. Ikikauka mno, funika mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye unyevu bila kugusa tumbaku, saa chache tu, halafu funga. Ukiweza, gawa kwenye chupa mbili: moja ya kuvuta, nyingine usiifungue kabisa. Virginia iliyofungwa vizuri inaanza kubadilika ndani ya mwaka mmoja au miwili, inakuwa nyeusi na tamu zaidi, na kila unapofungua mfuniko kunusa unairudisha nyuma.

mrijamrefu
Nimeipitisha kwenye taa, inametameta, haina manyoya. Gramu 15 nimezifunga leo na tarehe nimeandika kwenye mfuniko.