Tupeane uzoefu: Watu wa Motherwell, Uskoti, waliotutoka, tuwakumbuke hapa

Mama Wawili
Wapendwa, za jioni. Leo nimepita Brandon Parade nikakuta karatasi kwenye kioo cha lile duka la mitumba la hisani: yule bibi wa kaunta amefariki. Waliofika mji huu miaka ile wananielewa. Ndiye aliyekuwa akituwekea makoti ya watoto chini ya meza ili yasichukuliwe, kisha anakugongea kioo ukipita njia. Jina la ukoo wake silijui mpaka leo, lakini wanangu wamelelewa na makoti yake. Naomba tuwakumbuke waliotangulia katika mji huu, wakubwa kwa wadogo. Na mwenye kujua taratibu za misiba ya huku anielekeze, nataka kwenda kumzika.

Kaka wa Airbles
Pole sana dada. Na mimi alinivisha koti yule mama. Mungu amrehemu.

Fundi Bomba
Umenitonesha kidonda. Wangu mimi ni babu aliyekaa chini yangu, mtu wa kiwanda cha chuma cha Ravenscraig mpaka kilipofungwa mwaka 1992. Nani hakumjua na kofia yake na yule mbwa mweupe? Alikuwa akinihadithia jinsi mbingu ilivyokuwa ikiwaka nyekundu usiku chuma kikimiminwa. Mwaka 1996 walipoilipua ile minara mitatu ya kupozea maji, anasema watu walipanda mlimani na watoto wao kutazama. Yeye alienda akaipa mgongo, akasikia kishindo tu.

Asubuhi moja ya Januari nikarudi kutoka zamu, mapazia yake bado yamefungwa na saa sita mchana inakaribia. Nikagonga. Akanijibu mbwa. Nikagonga tena, nikamwita kwa jina, mbwa analia kama mtoto. Polisi walipovunja mlango nilikuwa nyuma yao. Amekaa kitini, koti mwilini, viatu vimefungwa vizuri, mkanda wa mbwa umezungushwa mkononi. Alikuwa anatoka kumtembeza.

Lakini jamani, kusubiri ndiko kulikonimaliza. Mimi nimekulia Tanga, mtu akifa alfajiri, alasiri mmeshatoka makaburini. Huku kifo cha ghafla kinapelekwa kwa mwendesha mashtaka wa serikali, Procurator Fiscal, hata kama hakuna anayeshukiwa jambo, mpaka chanzo kijulikane. Kisha ndugu wakasajili kifo, sheria inawapa siku 8. Kisha watafute nafasi ya maziko. Wiki zinapita, nami kila usiku nalala juu ya nyumba tupu.

Siku yenyewe binti yake akanipa kadi ndogo yenye mchoro wa jeneza na namba pembeni. Akanieleza kwamba kaburini jeneza linashushwa kwa kamba, kila kamba na mtu wake, namba 1 ya kichwani ni ya aliye karibu zaidi na marehemu. Mimi nilipewa namba 4, mbele ya binamu zake. Kamba zilikuwa zimelowa mvua, zina vishada mwishoni. Unausikia uzito wa mtu unapita viganjani, taratibu, taratibu, halafu mara moja unaisha na kamba inalegea. Unaiachia iangukie juu ya jeneza. Nilishazika wengi kwetu, nimeingia mpaka mwanandani, ila pale nililia mbele ya watu nisiowajua.

Binti Pangani
Nimesoma kaka, nimelia basini.

Mzee Mwanga
Fundi, hiyo namba 4 ni heshima kubwa, wenyeji hukumbuka miaka mingi nani alipewa kamba ipi. Kijana yeyote akipewa ile kadi asikatae kwa aibu. Akiwa hawezi kusimama muda mrefu aseme mapema, wasimamizi wa mazishi watamweka mtu mwingine.

Binti Pangani
Mama Wawili, kuhusu taratibu: tafuta kwanza tangazo la msiba, mara nyingi ni gazeti la hapa au ukurasa wa wasimamizi wa mazishi. Wengi wanaandika maua yawe ya familia tu, na mlangoni panawekwa kikapu cha sadaka kwa ajili ya shirika fulani. Tia hapo ulichojaliwa. Usibebe shada.

Dereva wa Usiku
Peleka maua tu dada. Sijaona mfiwa aliyerudisha ua.

Binti Pangani
Dereva, familia imeomba kitu kwa maandishi, wewe unataka watu waende kinyume. Kwa nini?

Dereva wa Usiku
Kwa sababu nimezika watu wa huku kabla wewe hujafika. Nguo pia, vaa nyeusi, usisikilize maneno.

Mama Wawili
Sasa nifuate nani?

Mzee Mwanga
Fuata tangazo. Siku hizi kuna familia zinaomba watu wavae rangi, au jezi ya timu ya marehemu. Pasipoandikwa kitu, nyeusi haina lawama.

Mwana Uvira
Miye naomba nilete wa kwangu, ingawa huyu alijulikana Uskoti nzima. Sisi Wakongo tulioletwa North Lanarkshire na mpango wa wakimbizi mwaka 2007, ile ilikuwa baridi yetu ya kwanza. Jirani mmoja alimwomba baba ruhusa, akanichukua Fir Park, uwanja wa timu ya Motherwell, tarehe 29 Desemba, Motherwell na Dundee United. Kiingereza changu kilikuwa kidogo lakini mpira hauhitaji maneno. Magoli yalikuwa yanaingia huku na huku, mwisho ikawa 5-3, tulishinda.

Kapteni wetu alikuwa Phil O'Donnell, miaka 35. Mechi inaelekea mwisho, wanajiandaa kumbadilisha, akaanguka. Watu karibu yangu bado walikuwa wanaimba. Kisha nikaona wachezaji wanapunga mikono kwa nguvu kuita madaktari, na nyimbo zikakatika upande mmoja mmoja. David Clarkson alikuwa mpwa wake, alikuwa amefunga mawili siku ile ile. Alishindwa kuendelea, ikabidi atolewe. Jirani yangu alikuwa amenishika bega na hakuliachia mpaka tulipofika nje. Habari ya kifo tuliipata tukiwa nyumbani. Ni moyo.

Kesho yake tulirudi, baba naye akaja. Getini kulikuwa na skafu za damu ya mzee na manjano, juu yake za timu nyingine, mpaka za Celtic na Rangers, mahasimu wakubwa, zimefungwa pamoja. Mechi yao ya tarehe 2 Januari iliahirishwa, maana O'Donnell alichezea Celtic miaka mitano. Baba alivua kofia akasimama na wale wanaume. Tangu tufike alikuwa hajaongea na jirani yeyote zaidi ya salamu. Siku ile alirudi nyumbani amealikwa chai na watu wawili.

Kaka wa Airbles
Nilikuwa najua jukwaa kubwa linaitwa Phil O'Donnell, sikujua kuna mtu wetu aliyekuwepo siku ile. Clarkson ndiye yule aliyekuja kuchezea Scotland?

Mwana Uvira
Ndiye. Na bao la O'Donnell la kichwa kwenye fainali ya Kombe la Scotland ya 1991 litafuteni, 4-3 dhidi ya hao hao Dundee United.

Dereva wa Usiku
Ukitaja fainali ile umtaje na Davie Cooper, mtoto wa Hamilton. Naye alikuwemo uwanjani, naye ana jukwaa lake Fir Park, na naye aliondoka kabla ya wakati. Machi 1995 alikuwa Broadwood, Cumbernauld, anarekodi kipindi cha kufundisha watoto mpira, damu ikavuja kichwani, kesho yake akafariki. Miaka 39. Mguu wa kushoto kama ule hautarudi.

Kaka wa Airbles
Huyo ni mtu wa Rangers, msitubandikie.

Dereva wa Usiku
Kombe la 1991 alilichukua akiwa na jezi gani? Na usiku ule wa Cardiff, tarehe 10 Septemba 1985, aliyeipigia Scotland penalti ya kusawazisha dhidi ya Wales ni nani? Ni Cooper. Dakika chache baadaye kocha wa Scotland Jock Stein, aliyewahi kuifundisha Celtic, akaanguka kando ya uwanja, akafia pale Ninian Park. Stein alikuwa mchimba makaa kutoka Burnbank, hapo jirani tu. Wa Celtic na wa Rangers wamekutana siku moja, wewe unagawa marehemu kwa rangi!

Kipanga
Samahanini. Dada kaomba tuwakumbuke watu wetu, mada imekuwa ya mpira. Hao wana majukwaa na sanamu. Yule bibi wa makoti ana nini?

Mwana Uvira
Kaka Kipanga, miye sikuleta mpira. Nimeleta siku ambayo baba yangu alipata majirani.

Binti Pangani
Mwacheni Mwana Uvira, kaandika vizuri kuliko wote. Mama Wawili, jambo lingine: ukialikwa chakula baada ya maziko nenda, ukikataa wanaumia. Supu, pai ya nyama ya ng'ombe, mikate midogo. Kama ni Mwislamu waambie mapema, watakuandalia cha jibini au mayai.

Shangazi wa Bellshill
Mimi nilipeleka sambusa za mbogamboga msiba mmoja, ziliisha kabla pai haijakatwa. Chukueni mfano huo.

Dereva wa Usiku
Usipeleke chakula bila kuulizwa, ukumbi una mpishi wake.

Shangazi wa Bellshill
Mpishi mwenyewe alibeba mbili.

Mama Wawili
Nimeliona tangazo. Maua ya familia tu, kikapu mlangoni. Binti Pangani asante. Shangazi, nitakupigia.

Kipanga
Basi na mimi nimlete wangu, yule mzee wa kuvusha watoto pale karibu na shule, koti la manjano na kibao chake cha duara. Mwanangu alianza darasa la kwanza hajui neno la Kiingereza, anaogopa magari, analia kila asubuhi. Yule mzee akaniuliza kwetu watoto wanaamkiwaje. Nikamfundisha "hujambo". Akawa anaisema kwa lafudhi yake ya Lanarkshire, anamnyanyulia kibao, magari yanasimama pande zote mbili, na mtoto anavuka akijibu "sijambo" kwa sauti mpaka madereva wanatabasamu. Baada ya muda watoto wote wa pale walikuwa wanaitikia. Alipofariki, gari lake la mazishi lilipitishwa shuleni kwa mwendo wa mguu, watoto wamepangwa ukutani, na kibao chake kimelazwa juu ya jeneza.

Shule inakusanya picha zake kwa ajili ya ubao wa ukumbusho. Mwenye nayo anitumie inboksi kabla ya Jumatatu, hata iwe ameonekana nyuma tu.