Nina gemu za zamani bado zina nailoni ya dukani, niuze hivihivi, nipeleke zipimwe gredi au nifungue nicheze?

KatrijiKavu

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaojua haya mambo. Kaka yangu mkubwa amekusanya gemu tangu kitambo, sasa anahama na nafasi hana, kaniachia boksi zima akasema fanya utakavyo. Humo kuna katriji za NES na N64 (mashine za zamani za Nintendo) na CD kadhaa za PlayStation ya kwanza, nyingi zimechezwa mpaka stika zimefubaa, ila chache bado zina nailoni yake kama zilivyotoka dukani: Super Mario Bros., The Legend of Zelda, Super Mario 64 na mbili tatu za michezo ya uwanjani za PlayStation.

Nikagugo, nakutana na habari kwamba Super Mario 64 iliuzwa zaidi ya dola milioni moja na nusu, aisee ilibidi nikae chini kwanza. Sasa maswali yangu ni kwamba, je kweli hizi ni hela au ni zile stori za mitandaoni, na hayo mambo ya kupima gredi yana faida gani maana naona na yenyewe unalipia, halafu nitajuaje kama nailoni ni ya kiwandani na sio mtu alifunga tena baadaye, manake kaka mwenyewe hakumbuki zote alizipata wapi. Nisije nikamuuzia mtu feki bila kujua nikaonekana tapeli.

MzeeWaMshono

Mkuu tulia, hiyo milioni moja na nusu isikunyime usingizi. Ile Super Mario 64 iliuzwa Julai 2021 kwenye mnada wa Heritage kule Marekani kwa dola 1,560,000, na humo ndani kuna asilimia 20 ya wenye mnada ambayo mnunuzi anaongezewa juu, nyundo ilipigwa kwenye 1,300,000. Siku mbili kabla yake Zelda ilienda 870,000. Lakini angalia ni kopi zipi hizo. Ile Mario ilikuwa na gredi 9.8 ya Wata, kampuni ya kupima hali ya gemu, na nailoni A++, yaani haina hata mkwaruzo wa kuutafuta kwa tochi, na ile Zelda ilikuwa ya chapa za mwanzo za 1987. Super Mario 64 iliuza zaidi ya kopi milioni 11 duniani, kwa hiyo gemu yenyewe sio adimu hata kidogo, kilichokuwa adimu ni hali yake. Ukiwa na 9.0 ya gemu hiyohiyo usitegemee bei itapungua kidogo tu, hapo unaondoa sifuri kabisa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza sahau gemu, shika nailoni. Hicho ndicho unachouza.

Chukua zile za NES uzigeuze mgongoni kwenye mwanga wa pembeni, taa isiwe juu kwa juu. Nailoni ya Nintendo ya enzi zile ina mshono unaokatiza mgongo wa boksi kwa mlalo, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na kwenye mbavu za kushoto na kulia unakutana na mishono inayosimama, ukiitazama yote kwa pamoja inatoa H. Wenyewe wanaita mshono wa H. Wafungaji wa mtaani mara nyingi wana mashine ya kawaida ya kufungia, ile inaacha mshono ukizunguka kwenye kingo tu na mgongo unabaki mtupu. Ukikuta mgongo mtupu kwenye boksi la NES la Nintendo wenyewe, anza kuhuzunika taratibu. Ila kampuni nyingine zilizotoa gemu za NES zilikuwa na mifungo yao, kwa hiyo usihukumu zote kwa H. Za PlayStation nailoni yake inakunjwa kwenye ncha na kutoa umbo la Y, mkunjo unatakiwa uwe safi na umekaa sawa, sio umebumbwa.

Na sio kila iliyofungwa tena ni utapeli. Maduka mengi zamani yalikuwa na mashine zao, mteja akirudisha gemu wanaipiga nailoni mpya inarudi kwenye shelfu. Mtu akainunua hivyo, akaiweka kabatini, leo anakuapia kwamba haijawahi kufunguliwa na kwa upande wake anasema kweli.

Halafu chapa, yaani boksi lilichapwa awamu ipi. Hapa ndo pesa ilipo na wengi hawajui. Super Mario Bros. ilichapwa miaka na miaka kwa hiyo boksi zake zinatofautiana kwa vitu vidogo sana. Zile za majaribio za mwishoni mwa 1985 hazikuwa na nailoni kabisa, zilifungwa kwa kistika kwenye mdomo wa boksi, na moja ya hizo iliuzwa dola 100,150 mwaka 2019. Zilizofuata zina kile kipande cha kadibodi chenye vitobo mgongoni cha kutundikia boksi kwenye ndoano ya duka. Cheki na muhuri wa ubora wa Nintendo pale mbele, wa duara ndo wa mwanzo, wa umbo la yai ulikuja baadaye. Kwenye Zelda angalia kama boksi limekatwa kidirisha mbele unaona rangi ya dhahabu ya katriji, kama kidirisha hakuna basi hiyo inaweza kuwa ile ya kijivu iliyotolewa baadaye. Na Super Mario 64 kama imeandikwa Player's Choice hilo ni toleo la kurudia, bado inauzika ila usilete hesabu za milioni.

Tuwekee picha za mgongo na kona zote nne.

CheziKwanza

Fungua ucheze bwana. Gemu ilitengenezwa ichezwe, nyie mnakaa mnaangalia plastiki 😂

Natania kidogo ila nina hoja. Zelda ya dhahabu ina betri ndani ya kutunza pale ulipofikia kwenye mchezo, na betri haijui kama boksi limefungwa au halijafungwa, inazeeka tu humo humo. Sasa mtu analipa hela ya nyumba kwa kitu ambacho kikifunguliwa pengine hata hakitunzi mchezo, na haruhusiwi kufungua aangalie kwa sababu akifungua ndo kaua bei. Mniambie hiyo biashara inaitwaje.

Na huo mwaka wa 2021 mnaousifia, Wata wenyewe walinunuliwa na kampuni ya Collectors Universe mwaka huohuo, na 2022 wakafunguliwa kesi Marekani wakilalamikiwa kwamba walishiriki kupandisha bei kwa ujanja na kuchelewesha gemu za watu. Miaka ya mwanzo hawakuwa hata wanatangaza wamepima kopi ngapi za kila gemu, sasa mnunuzi atajuaje kama 9.6 yake iko peke yake duniani au ziko lundo? Baada ya pale bei za gemu nyingi zilishuka, waliowahi ndo waliokula.

MzeeWaMshono

@CheziKwanza kwenye hilo la idadi sikupingi, mtu unanunua gizani. Ila jamaa hajanunua kwa bei ya 2021, kapewa bure, kwa hiyo kushuka kwa soko kwake sio hasara. Na betri hakuna anayelipia betri, hilo linajulikana tangu mwanzo.

DadaPikseli

KatrijiKavu, mimi nauza hivi vitu, ngoja nikuongezee upande wa kuuza maana hapo juu wameongea kama wakusanyaji.

Kupima gredi sio lazima kwa kila kitu. Kampuni zenyewe, Wata wanapima boksi kwa namba hadi 10 na nailoni kwa herufi hadi A++, VGA ni wakongwe zaidi na wao namba zao zinaenda hadi 100. Wote hawafungui, wanatazama nje, wanaifungia kwenye kesi ngumu ya akriliki na kibandiko juu. Kwa hiyo unacholipia ni mtu wa tatu kusema nailoni hii ni halali na hali yake ni hii, basi. Hiyo sauti ya mtu wa tatu ina thamani kubwa kama mnunuzi yuko mbali na hajui wewe ni nani, na haina maana yoyote kama gemu yenyewe haifikii hata gharama ya kuipima. Tena kwa Wata ada inapanda kadiri thamani unayoitangaza inavyopanda, halafu jumlisha usafiri wa kwenda, bima, na miezi ya kusubiri.

Kwa orodha yako, hizo za michezo ya uwanjani za PlayStation usipime. Gemu za namna hiyo zinatoka mpya kila mwaka, dunia imejaa kopi zake zenye nailoni, na wanaozitaka ni wachache. Halafu fanya hivi, ishike CD moja uiinamishe taratibu sana karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga ndani, CD imechomoka kwenye kile kitufe cha katikati na inajikwaruza yenyewe kila unapoihamisha. Zile ambazo zinagonga zilaze, usizisimamishe tena.

Zelda na zile Mario mbili ndo za kufikiria, baada ya hawa kuona picha za mgongo. Na usitangaze popote kwamba haijafunguliwa kabla hujajiridhisha, andika tu ina nailoni, mshono uko hivi, picha hizi hapa. Mnunuzi mzoefu atasoma picha sio maneno yako. Mgeni ndo anasoma maneno, na mgeni ndo atakayerudi na kesi.

Ukijua chapa yake, tafuta bei zilizouzwa kweli, za miezi ya karibuni, za chapa hiyo na hali hiyo. Bei aliyoiandika mtu kwenye tangazo ni ndoto yake tu. Nimeona mtu anabandika Super Mario 64 imechanika kona kwa laki kadhaa za dola, ipo hapo mpaka leo, anaiangalia mwenyewe.

KatrijiKavu

Asanteni sana aisee, nimejifunza mengi kuliko huko nilikogugo. Nimekaa na tochi, ripoti yangu hii. Super Mario Bros. mgongoni ina mshono unaokatiza na kwenye mbavu unapanda juu na chini, muhuri ni wa yai. Zelda ina kidirisha na dhahabu inaonekana, lakini mgongo mtupu kabisa na nailoni imelegea, kingo zote zina mshono kuzunguka. Super Mario 64 haina maneno ya Player's Choice ila nailoni imebana mpaka boksi limepinda kidogo pande zote, na kona moja imetoboka saizi ya punje ya mchele. CD moja inagonga.

MzeeWaMshono

Mario ya NES inaonekana ni halali, chapa ya baadaye, ni ya hela ya kawaida, sio ya kubadili maisha. Zelda pole mkuu, mimi naisoma kama imefungwa tena. Usiipeleke kupimwa kama mpya, wataikataa na ada yako imeenda. Uza ukisema wazi nailoni sio ya kiwandani.

Super Mario 64 kupinda ni kawaida, nailoni inaendelea kubana na miaka inavyokwenda, boksi za N64 ni kadibodi laini. Hicho kitobo kitashusha herufi ya nailoni. Usikizibe kwa selotepu, tafadhali sana.

CheziKwanza

Kama Zelda imeshafunguliwa zamani si ndo ya kufungua sasa 😎 utuambie kama betri iko hai

DadaPikseli

Kwenye hiyo Zelda naungana na CheziKwanza, siku adimu hii. Ukifungua piga picha hatua kwa hatua, maana katriji, kitabu na ramani vikiwa visafi vinauzika vyenyewe bila nailoni, na mnunuzi wa namna hiyo anataka kuona kila kipande.

Ile Mario 64 iweke kwenye kesi laini ya plastiki ya saizi yake, mbali na dirisha. Na ukija kuituma popote, boksi ndani ya boksi, usiifunge kwa mpira wala kubandika bei juu ya nailoni.

KatrijiKavu

Sawa dada. Zelda nafungua Jumamosi kaka akiwepo, picha nitaleta hapahapa.